Inchi Nne za Unyenyekevu

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kukamua, mama mkubwa Tupokigwe alinyanyua mkono kuchukua chujio la maziwa lililotundikwa kwenye msumari wa jikoni, na kila asubuhi mkono haukufika. Alisimama kwa ncha za vidole vya miguu, akalivuta chujio kwa kidole kimoja mpaka likamwangukia kifuani, kisha akauliza swali lilelile:

"Nani tena ameupandisha msumari huu?"

Wa kujibu hakuwepo. Mumewe, mzee Lazaro, ndiye aliyeupigilia msumari ule, na alikuwa kaburini mwaka wa kumi. Watoto walikuwa Mbeya na Dar es Salaam. Nilibaki mimi, mtoto wa mdogo wake, niliyerudi kijijini Ikuti mwaka wa tisini na tano nikiwa na shahada ya chuo kikuu na sanduku la vitabu. Nilikuwa nasubiri barua ya serikali ya kunipangia kazi. Serikali ilikuwa imeacha kuwapangia wahitimu kazi, ila haikuwa imemwandikia mtu barua ya kumwambia hivyo, kwa hiyo nilisubiri kwa matumaini makubwa.

"Ninyi wasomi hamwachi kitu mahali pake," mama mkubwa aliniambia.

Sikuwa mtu wa maneno mengi. Nilikubali kosa la msumari.

Ili kumwelewa mama mkubwa ni lazima kujua kwamba alizaliwa mrefu mahali ambapo urefu wa mwanamke ni tatizo. Kwetu mwanamke akimsalimia mkubwa wake huchuchumaa au huinama, macho chini, viganja pamoja. Mfupi hana kazi kubwa, amekwisha kukaribia. Tupokigwe alikuwa na safari ndefu ya kwenda chini, na ujanani hakuwa na subira nayo. Alikunja goti kidogo tu, kama mtu aliyedhani ameona kitu ardhini kisha akagundua si kitu. Kwenye shamba la chai alikovuna majani kwa miaka kumi na tano walimwita Twiga. Nyumbani, mama yake Lazaro aliwaeleza wageni hivi: "Mkwe wangu hunisalimia kutoka juu, kama mvua." Katika wilaya inayonyeshewa karibu mwaka mzima, hiyo haikuwa sifa.

Ulimi wake nao haukumsaidia. Aliwajibu wasimamizi wa shamba, aliwajibu mashemeji, na inasemekana katika mwaka wake wa kwanza wa ndoa alimjibu hata mchungaji wa wakati ule. Watu walimheshimu kama wanavyoliheshimu fahali la jirani, yaani kutoka upande wa pili wa ua.

Kisha, alipokaribia miaka hamsini, alianza kuinama.

Hakuna anayeweza kuitaja siku. Mabega yalitangulia, shingo ikafuata, kisha mgongo wote wa juu ukajikunja polepole kama jani la mgomba linalokauka. Mchungaji Ambwene ndiye aliyekuwa wa kwanza kulisemea jambo hilo hadharani. Jumapili moja alimwona akiingia kanisani akiwa ameinama kuanzia mlangoni mpaka kwenye benchi, akayaacha mahubiri yake aliyoyaandika.

"Mtazameni mama huyu," alisema. "Ninyi nyote mnakumbuka alivyokuwa. Bwana ameuinamisha mti mrefu."

Kanisa zima likaitikia amina. Mwaka uliofuata akachaguliwa mwenyekiti wa akina mama. Akina mama wakaanza kuwafundisha binti zao kwa mfano wake: "Inama vizuri, inama kama mama Tupokigwe." Makamu wake, Atupakisye, mama mfupi mwenye nguvu na sauti ya kuita watu wa kijiji kizima, akaanza naye kutembea akiwa ameinama, mkono mmoja kiunoni. Lakini mgongo wake ulikuwa mzima na haukuuweza unyenyekevu. Kila baada ya hatua ishirini ulinyooka wenyewe.

Kwa hesabu niliyokuja kuipata baadaye, adabu ya mama mkubwa ilikuwa ikiongezeka kwa theluthi moja ya inchi kila mwaka.

Uso wake pia ulimpa jina zuri. Siku zile kila aliyeweza kupata chumba chenye dirisha la kuelekea barabarani mjini Tukuyu alifungua duka, na Meshaki, aliyekuwa akiuza vipuri vya baiskeli pale Msasani, mtaa wa mjini humohumo, akafungua duka la dawa. Alibadilisha makopo kwenye rafu, akanunua koti jeupe. Mama mkubwa alipomlalamikia magoti, Meshaki alimfungia vidonge vidogo vyeupe kwenye kipande cha gazeti.

"Hivi ndivyo wanavyomeza wakubwa, mama. Kimoja asubuhi."

Baada ya wiki moja magoti yalinyamaza. Baada ya miezi michache mashavu yalijaa, uso ukawa wa mviringo, unang'aa. "Umenawiri, mama!" watu walimwambia njiani. Kwetu uso wa mviringo hauhitaji cheti kingine cha afya. Akaendelea kumeza, mwaka wa kwanza, wa pili, mpaka wa sita.

Vidonge vililipiwa na ng'ombe. Alikuwa na ng'ombe mmoja wa kisasa, mweusi mwenye mabaka meupe, na kila asubuhi alipeleka maziwa kwenye kituo cha mnunuzi binafsi aliyekuwa amefika Ikuti na tangi lake la kupoozea. Alipeleka yote. Yeye mwenyewe alikunywa chai ya rangi, vijiko vitatu vya sukari. Maziwa ya Ikuti yalikwenda kujenga mifupa ya watu wa mijini, na mama mkubwa akarudi nyumbani na dumu tupu kichwani, ameinama, amenawiri, akisifiwa njia nzima.

Mwezi wa tatu wa mwaka wa tisini na sita, katikati ya mvua, aliteleza akitoka kituoni. Hata kuanguka hakuanguka sawasawa. Mguu ulikwenda mbele kidogo, akaweka mkono chini ili asichafue kitenge. Nilipomfikia alikuwa ameketi pembeni ya njia akiuangalia mkono wake wa kushoto kwa mshangao. Kiganja kilikuwa kimekaa vibaya juu ya mkono, kama kijiko kilichokanyagwa.

"Nimeteleza tu," alisema. "Kitu cha mtoto."

Gari la majani ya chai lilitupeleka hospitali mjini, tukiwa tumekaa juu ya magunia. Mama mkubwa alishika kwa mkono mzima mfuko wenye karatasi zake zote, kwa kuwa watu wa umri wake hawaendi hospitali bila kadi ya chama, cheti cha ubatizo, na karatasi nyingine yoyote yenye muhuri.

Daktari aliitwa Lusungu. Alikuwa kijana mwembamba, mgeni, na alikuwa na tabia isiyo ya kawaida hospitalini: alisikiliza jibu kabla ya kuuliza swali lingine.

"Mama, ulianguka kutoka wapi?"

"Kutoka niliposimama."

"Basi si mbali."

"Siku hizi si mbali kabisa," mama mkubwa alikubali.

Mkono ulinyooshwa na kufungwa plasta ngumu. Nilidhani tumemaliza, lakini daktari alikuwa akimtazama usoni, kisha mgongoni, kisha tena usoni.

"Unatumia dawa gani?"

Mama mkubwa alifungua fundo la kanga akatoa kile kipande cha gazeti. Daktari alivimwaga vidonge kiganjani.

"Tangu lini?"

"Miaka sita."

"Nani alikuandikia?"

"Meshaki haandiki. Anakumbuka."

Daktari akaagiza picha ya mgongo. Ilipokuja aliiinua dirishani ili mimi na mama mkubwa tuione. Pingili za uti wa mgongo zilipangana moja juu ya nyingine kama mikebe, na mitatu kati ya mikebe hiyo ilikuwa imebonyea upande wa mbele.

"Kuna siku mgongo uliuma sana, mama? Ghafla, labda ukiwa unanyanyua kitu?"

Mama mkubwa aliangalia ukuta. "Mgongo ni mgongo."

"Ulikuwa na urefu gani ujanani?"

Hapo mfuko wa karatasi ukapata heshima yake. Kadi ya kazi ya shamba la chai, ya mwaka wa sitini na mbili, iliandikwa kwa wino wa bluu: futi tano na inchi sita. Daktari alimsimamisha kwenye kipimo cha ukutani, akamwomba anyooke kadiri awezavyo, akasoma: futi tano na inchi mbili.

"Inchi nne zimekwenda wapi?" mama mkubwa aliuliza, kwa sauti aliyokuwa akiitumia kituoni maziwa yakipungua.

"Hazikwenda popote. Zimebonyea. Watu wanaona umeinama, mama. Hukuinama. Umevunjika, mara tatu, na hukujua."

Mimi ndiye niliyefikiria msumari. Nilijiona nimesamehewa.

"Una migomba nyumbani?" daktari aliendelea.

"Hilo ni swali gani, mwanangu? Nani hana?"

"Ukikata mgomba, ndani unaona nini?"

"Maji. Na vyumba vyumba."

"Sawa. Mfupa nao una vyumba ndani. Ujanani kuta za vyumba ni nene. Mwili haulali: kila siku unabomoa kidogo na kujenga kidogo. Mwanamke akikoma hedhi, kubomoa kunakwenda mbio na kujenga kunabaki nyuma. Kuta zinakuwa nyembamba, nyingine zinatoweka. Nje mfupa ni uleule. Hauumi, hauvimbi. Unakuja kuujua siku unapovunjika kwa kitu cha mtoto."

Mama mkubwa alinigeukia akauliza kwa Kinyakyusa kijana huyu ameyajulia wapi mambo ya hedhi, kisha akarudi kwenye Kiswahili. "Na vidonge vya Meshaki?"

"Hivyo vinamsaidia anayebomoa. Ni dawa ya kweli, ina wagonjwa wake, ila si ya kumeza miaka sita kwa ajili ya magoti. Hata huo uso si unene, mama, ni dawa. Lakini usiviache leo. Mwili umevizoea, ukivikata kwa siku moja unaweza kuugua vibaya. Tutapunguza kidogo kidogo, nitakuandikia kila wiki umeze kiasi gani."

"Ugonjwa wenyewe unaitwaje?"

Daktari alitaja jina refu la kitaalamu, akaona halisaidii, akasema: "Mifupa myepesi."

"Mimi? Maisha yangu yote wananiambia nina kichwa kizito."

"Mama yako mzazi alifarikije?"

Hapo mama mkubwa hakutania. Bibi yangu aliteleza kwenye maganda ya ndizi nyuma ya jikoni, akavunjika nyonga, akalala miezi saba kwenye chumba cha nyuma mpaka alipokufa. Nilikuwa mdogo, nakumbuka harufu tu. Mama mkubwa ndiye aliyemgeuza na kumwogesha.

"Miezi saba," alisema. "Mimi ndiye niliyemwogesha."

"Basi unakijua ninachokiogopa," daktari alisema. "Mkono umevunjika mwezi huu. Nyonga haijavunjika bado. Nataka ibaki hivyo."

Akaanza kuandika. Maziwa, kila siku, ya kunywa na si ya kuuza. Dagaa, wa kuliwa na miiba yao na vichwa vyao. Mboga za majani. Kutembea kila siku, kwa sababu mfupa usiotumika hudhoofu zaidi. Fimbo mkononi, viatu vyenye meno, sakafu isiyo na maji. Asibebe mzigo kichwani wala asinyanyue ndoo. Asiiname kwa mgongo kwa sababu yoyote.

"Na jua," alimalizia. "Robo saa, mikono na miguu wazi."

"Jua? Daktari, umehamia lini Tukuyu?"

"Mwezi wa pili."

"Basi na wewe bado hujaliona."

Daktari alicheka, lakini hakufuta jua kwenye karatasi.

"Hiyo ya kuinama," mama mkubwa alisema tukiwa mlangoni. "Hata kusalimia?"

"Hata kusalimia."

"Mchungaji?"

"Hata askofu, mama."

Habari zilifika Ikuti kabla ya gari letu. Zilivyofika zilikuwa hivi: Tupokigwe amekatazwa adabu hospitali.

Miezi ile mitatu ya kwanza alifuata karatasi kwa ukali uleule aliokuwa akiwafanyia wengine. Mimi nilibeba dumu kichwani na yeye akatembea nyuma yangu na fimbo, akinikosoa mwendo. Alikunywa kikombe cha maziwa asubuhi na kingine jioni, akikunja uso kama mtu anayekunywa mali yake. Aliwatafuna dagaa mpaka vichwa. Jua lilipotoka alitoka nalo, akakaa kwenye kigoda uani, kitenge magotini, mikono imenyooshwa mbele kama anayesubiri kupokea mtoto, na wapita njia walipomuuliza anafanya nini alijibu kwamba anaota jua kwa amri ya serikali.

Plasta ilitolewa, vidonge vikapungua, mashavu yakapungua pia. Magoti yakarudi kulalamika. Sasa watu walimwambia: "Mama, umekonda. Hospitali imekuharibu."

Na alisalimia akiwa wima. Kadiri mgongo wenye mikebe mitatu iliyobonyea unavyoweza kuwa wima, lakini kila mtu aliona nia. Wazee waliomzoea akishuka walisubiri, wakamwona hashuki, wakaondoka wakitikisa vichwa. Utwiga umerudi, walisema.

Wiki moja kabla ya sikukuu ya mavuno, Atupakisye alikuja na mkungu wa ndizi kichwani, akautua barazani bila hata kuhema, akachuchumaa.

"Mwagonile, mama mwenyekiti."

"Ndaga," mama mkubwa aliitikia kutoka kwenye kiti chake.

"Mkungu wako huu. Tumeuchagua sisi kamati, kutoka shambani kwa Anyosisye. Mzito kama dhambi. Utatangulia nao kama kila mwaka, sisi nyuma yako."

"Sibebi mwaka huu. Daktari."

"Daktari wa mkono? Mkono si umepona? Na mkungu haukai mkononi, unakaa kichwani."

"Mifupa yangu ni myepesi, Atupakisye."

"Si afadhali? Mwepesi ndiye apandaye mlima na mzigo."

"Myepesi ya kuvunjika."

Atupakisye alishusha sauti yake, jambo alilolifanya mara chache sana. "Dada yangu, mimi nakuambia kwa upendo. Uchaguzi ni wiki mbili baada ya mavuno. Watu wanasema wewe ulikuwa ukijifanya. Beba mara moja hii tu. Piga magoti mara moja hii tu, mbele ya mchungaji, wakuone. Halafu uendelee na daktari wako."

Alipoondoka, mama mkubwa alikaa muda mrefu akiutazama mkungu. Mimi nilikuwa mlangoni na kitabu. Nikamwona akisimama, akaizungusha kanga kuwa kata, akaiweka kichwani. Akapiga hatua mpaka kwenye mkungu, akaweka mikono yote miwili chini ya kikonyo. Mgongo wake ukaanza kujikunja kuelekea chini, mgongo uleule niliouona kwenye picha dirishani.

Nilijua neno la kusema. Nilikuwa nimesoma miaka kumi na saba na nilikuwa na maneno mengi, lakini hakuna lililotoka. Nilifungua mdomo tu.

Mkungu ulinyanyuka upande mmoja, kiasi cha kiganja. Kisha uso wake ukabadilika, kama mtu aliyeitwa jina na sauti anayoijua. Akauachia taratibu.

"Ulikuwa unasoma?" aliniuliza bila kugeuka.

"Ndiyo, mama mkubwa."

"Endelea kusoma."

Jumapili ya mavuno kanisa lilijaa mpaka nje. Akina mama walipangana mlangoni, mikungu, vikapu vya maharage na madebe ya mahindi vichwani, kuku wakiwa kwapani. Mama mkubwa alikuwa wa kwanza kwenye mstari, na kichwani hakuwa na kitu. Mkono mmoja ulishika fimbo, mwingine chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi la mahindi, na ndani yake maziwa yalikuwa yamefika katikati.

Kwaya ilianza. Alitembea polepole katikati ya kanisa, akiitafuta kila hatua kwa fimbo kabla ya kuikanyaga, na nyuma yake mstari wote wa mizigo ulilazimika kwenda kwa mwendo wake, shingo zikitetemeka. Mchungaji Ambwene alisubiri mbele, mkono wa baraka ukiwa umeshushwa tayari mahali ambapo kila mwaka kichwa cha mama mkubwa kilifika. Kichwa hakikufika. Alisimama mbele yake, wima. Mkono wa mchungaji ulining'inia pale chini kwa muda, kisha ukaanza kupanda kumtafuta.

"Mama," alinong'ona, ila kwa kuwa kwaya ilikuwa imemaliza ubeti, tulimsikia sote, "hupigi magoti?"

"Daktari amenikataza kuinama, baba mchungaji. Anasema hata kwa askofu." Akampa chupa. "Hii ni nusu. Nusu nyingine nimekunywa mimi."

Mtu alicheka nyuma kabisa, akaacha haraka. Mama mkubwa akageuka kwa tahadhari, mwili mzima kwa pamoja, akawaona akina mama wamesimama na mikungu yao.

"Ninyi mlio na migongo mizima," aliwaambia, "inameni. Mimi zamu yangu nimemaliza."

Nusu chupa ya maziwa ilipigwa mnada pamoja na mavuno mengine na haikupata mnunuzi. Mchungaji aliinunua mwenyewe ili mambo yaendelee, na kwa kuwa hakujua aiweke wapi, akainywa.

Uchaguzi ulikuwa mfupi. Atupakisye alipata karibu mikono yote, pamoja na mkono wa mama mkubwa. Katika hotuba yake ya shukrani aliinama sana, na safari hii mgongo ulivumilia mpaka mwisho. Mchungaji alihubiri juu ya wale waanzao safari vizuri wakaishia njiani. Hakutaja jina. Hapakuwa na haja. Watu walikuwa wamegeuza vichwa tayari.

Kuanzia siku ile njia ya kwenda kituoni ilikuwa kimya. Waliokuwa wakimwita kutoka mashambani kumsifu sasa walikuwa na kazi nyingi za palizi. Mama mkubwa hakulalamika. Alitembea, alikunywa maziwa, alikaa juani siku jua lilipokumbuka. Siku moja nilimkuta amesimama jikoni akiutazama ule msumari. Niliung'oa nikaupigilia chini kidogo, naye akasema kazi imefanywa ovyo, umekaa upande.

Mwezi wa kumi na moja mvua zilirudi. Asubuhi moja tulikuwa tukiteremka kwenda kituoni, mimi mbele na dumu, yeye nyuma na fimbo, udongo mwekundu ukiteleza kama sabuni. Nilisikia fimbo ikigonga jiwe, kisha sauti nzito ya kitu laini kikianguka kwenye matope. Nilipogeuka alikuwa ameketi katikati ya njia, miguu mbele, kitenge kimeloa.

Nilitua dumu nikamkimbilia.

"Usiniguse," alisema. "Ngoja."

Uso wake ulikuwa umekauka. Alikuwa akisikiliza. Nilijua anasikiliza nini, na mimi pia nikasikiliza, kana kwamba mfupa ukivunjika huendelea kusema. Nilikumbuka chumba cha nyuma na harufu yake. Akasogeza vidole vya mguu wa kulia, vikasogea. Akasogeza vya kushoto. Akakunja goti moja, polepole sana, likakunjika. Akashika nyonga ya kulia kwa kiganja, akaibonyeza, akasubiri. Akashika ya kushoto, na huko alikaa muda mrefu zaidi, macho yamefumbwa, mvua ikimdondokea puani. Kisha akaukunja na mguu ule, ukaja mpaka juu.

"Ipo," alisema.

"Zote mbili?"

"Zote mbili. Kama ningekuwa na lile dumu kichwani, sasa hivi ungekuwa unatafuta watu wa kunibeba."

Hakutaka kunyanyuka upesi. Alisema daktari hakuandika popote kwamba mtu asipumzike kwenye matope. Nikaketi kando yake. Watu wawili walipita na majembe, wakatusalimia kwa macho, wakaendelea. Kwa mwaka mzima na zaidi nilikuwa nimeishi naye bila kumuuliza kitu chochote cha maana. Nilikuwa nimemwona daktari akimuuliza juu ya maumivu na yeye akiangalia ukuta, na tangu siku ile nilikuwa na swali moja tu. Labda kwa sababu sote wawili tulikuwa tumelowa na hakuna aliyekuwa akitusikiliza, lilitoka.

"Mama mkubwa, miaka yote ile mgongo ulikuwa unauma. Kwa nini hukumwambia mtu?"

Alifuta matope kwenye fimbo kwa pindo la kanga.

"Walikuwa wananisifu," alisema. "Nilikuwa sijawahi kusifiwa."